Mlango Usio na Kibao

Mgeni akiingia mji wowote wa Kenya jioni akitafuta pombe, hahitaji kuuliza mara mbili. Baa ina kibao na taa za rangi, na muziki wake unasikika hadi stendi ya matatu. Hata kwa mama pima, kule vichochoroni ambako hakuna kibao wala taa, kila mhudumu wa boda boda anakujua na atamfikisha mlangoni kwa nauli ya kawaida. Sasa mchukue mtu huyo huyo miaka kumi baadaye. Kazi imekwisha, mkono unamtetemeka akishika kikombe cha chai, watoto wanamkwepa, na alfajiri moja anaamka akiwa ameamua kwa dhati kwamba imetosha. Amwulize nani? Wa boda boda hajui. Jirani anamjua nabii fulani anayeombea walevi kila Ijumaa. Shemeji anapendekeza kituo cha kurekebisha tabia, kisha familia inasikia bei na kunyamaza. Kwamba pengine kilomita mbili kutoka hapo, katika chumba cha nyuma cha kanisa, kuna watu kumi wanaokutana kila wiki kwa ajili ya jambo hilo hilo bila kulipisha mtu senti, hakuna anayemwambia.

Watu wa aina hiyo si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mamlaka ya NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya 1 katika kila 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akinywa pombe, na 1 katika kila 20 alikuwa amefikia uraibu. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019 pekee. Sisi huamka pale tu pombe inapoua kwa mkupuo: Mei 2014, methanoli ilipofagia makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo; au Februari 2024, watu 17 walipokufa Kirinyaga. Baada ya hapo hufuata msako, mapipa yanamwagwa mbele ya kamera, leseni zinafutwa, viongozi wanahutubu. Nimefuatilia hotuba hizo kwa miaka, na sijasikia kiongozi akiwaambia wanywaji waliosimama pembeni wakitazama mapipa yakimwagwa: kesho jioni, saa fulani, nendeni mahali fulani, mtawakuta wenzenu walioacha.

Mahali hapo panapotajwa zaidi ni mikutano ya Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA tu. Ushirika huu wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe uko katika nchi takriban 180, ikiwemo Kenya, na una wanachama wanaokadiriwa kufikia milioni 2. Asili yake inafaa kusimuliwa kwa kirefu kidogo, maana ilikuwa hadithi ya mtu aliyekuwa akitafuta.

Mei 1935, dalali wa hisa wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya kugombea udhibiti wa kampuni moja ya mitambo ya mpira. Shughuli ilivunjika. Alikuwa hajaonja pombe tangu Desemba 1934, baada ya kulazwa mara kadhaa katika hospitali ya New York iliyowatibu walevi. Jumamosi moja akajikuta peke yake katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, mfukoni hana kitu cha maana. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa iliyoanza kuchangamka. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Katika miezi ile mitano alikuwa amegundua jambo moja: kila alipokaa na mlevi mwingine kuzungumza, hata kama yule mlevi hakuacha, yeye mwenyewe aliimaliza siku bila kunywa. Akaenda kwenye simu. Akampigia kasisi asiyemjua na kumwomba amtafutie mlevi wa kuzungumza naye.

Kasisi akampa majina ya watu wa kuuliza. Mmoja hayupo, mwingine hawezi, mwingine hajui. Mwisho akafikia kwa mama mmoja aitwaye Henrietta Seiberling, mkwe wa familia iliyoanzisha kampuni ya Goodyear, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwombea daktari mpasuaji wa mji huo, Bob Smith, aliyekuwa akizama. Siku ile ile haikuwezekana, kwa sababu daktari alikuwa amelewa chakari. Mkutano ukawekwa kesho yake jioni, Jumapili ya Mei 12, nyumbani kwa Henrietta. Daktari alikubali kwa sharti kwamba atakaa dakika 15 tu. Aliondoka baada ya saa sita.

Aliteleza mara moja baada ya hapo, aliposafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akarudi nyumbani akiwa hoi. Juni 10 alipaswa kumpasua mgonjwa na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Wilson akampa chupa moja ya bia ili mkono utulie. Ndiyo ilikuwa bia yake ya mwisho. Aliishi miaka 15 zaidi, hadi Novemba 1950, bila kunywa tena, na tarehe hiyo ya Juni ndiyo AA huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Kisha wale wawili wakampigia simu muuguzi katika hospitali ya mji na kumwuliza kama ana mlevi wodini. Alikuwa naye, mwanasheria, na huyo akawa wa tatu.

Ukiisoma hadithi hii kwa makini utaona kwamba hakuna mlevi aliyeifikia ile nyumba kwa nguvu zake tu. Kasisi alitoa majina. Henrietta alifungua nyumba na kupanga saa. Muuguzi alijua ni nani aliyelala kitanda gani. Watu watatu ambao wenyewe hawakuwa na tatizo la pombe walijua la kujibu walipoulizwa, na hapo ndipo penye pengo kubwa kwetu. Ni makasisi wangapi, wauguzi wangapi, machifu wangapi wa hapa wanaoweza kukujibu leo, bila kutafuta, mkutano wa karibu uko wapi na ni siku gani?

Wapo watakaosema kwamba AA wenyewe wamejificha. Ni kweli kwamba jina lao linaahidi usiri, na desturi zao kumi na mbili, zilizopitishwa rasmi mwaka 1950, zinawazuia kujitangaza kwa kelele au kuweka sura za wanachama magazetini. Ndani ya chumba watu hutumia jina la kwanza, na kinachosemwa hubaki humo. Lakini kinachofichwa ni watu. Mkutano wenyewe haufichwi. Siku, saa na mahali ni habari za wazi, zimekusudiwa kujulikana na kila anayehitaji. Sisi ndio tulioona haya kwa niaba yao, tukaficha na mlango.

Basi anayetafuta aanzie wapi? Simu ya bure ya NACADA ni 1192. Huhitaji salio, na upande wa pili kuna mshauri nasaha atakayekusikiliza na kukuelekeza kwenye huduma zilizo karibu nawe. Ukipiga, usiridhike na ushauri wa jumla. Uliza mkutano: uko mtaa gani, jengo gani, siku gani, saa ngapi, na nani wa kumpigia kabla ya kwenda. Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu vikundi huhama. Ukumbi unachukuliwa na kwaya, mwenye funguo anahamishwa, na orodha iliyo mtandaoni inabaki na anwani ya zamani. Mtu aliyekusanya ujasiri wa miaka mitano akakuta kufuli mlangoni huenda asirudi tena, hivyo simu moja ya kuhakikisha ina thamani kuliko nauli.

AA ya Kenya ina orodha ya mikutano mtandaoni, na AA ya kimataifa ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide inayoonyesha mikutano kwa ukaribu, ambayo humfaa zaidi ndugu yetu aliye Marekani au Kanada. Hospitali za rufaa za kaunti zina kliniki za afya ya akili, na jijini Nairobi kuna Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Wahudumu wa wodi za uraibu aghalabu wanavijua vikundi kwa sababu wagonjwa wao huenda huko wakishatoka. Vituo vya kurekebisha tabia navyo huwa na waliopitia pale wanaoendelea kukutana. Huna haja ya kulipia kulazwa ili kuuliza wanakutana wapi. Na njia ambayo watu huisahau: mwulize katibu wa parokia au mtunza ukumbi wa kanisa kubwa la mjini ni vikundi gani vinavyotumia vyumba vyao siku za kazi. Yeye ndiye mwenye funguo.

Simu ya kwanza huwa ngumu, na wanaozipokea wanazijua. Huweza kwenda hivi:

"Halo, dada, shikamoo. Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu. Ana shida na pombe."

"Marahaba, ndugu yangu, asante kwa kupiga. Huyo rafiki amekunywa leo?"

"Kidogo. Asubuhi."

"Akiamka, kabla hajanywa, mikono inamtetemeka? Anatoka jasho?"

"Sana. Hata kufunga vifungo vya shati ananiomba... anamwomba mkewe."

"Sawa. Basi mwambie jioni hii asije kwetu kwanza. Apitie hospitali, na nitakuambia kwa nini."

Sababu hiyo kila familia inapaswa kuijua. Anayekunywa kila siku kwa muda mrefu, na hasa anayelazimika kunywa asubuhi ili mwili utulie, anaweza kufa kwa kuacha ghafla. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, kutoka jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Kifafa huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa, huona wadudu na watu wasiokuwepo, joto la mwili na shinikizo la damu hupanda. Hospitali ina dawa za kuutuliza mwili kwa siku hizo chache, za jamii ya diazepamu, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Desturi ya kumfungia mlevi chumbani hadi pombe imtoke, ambayo baadhi ya familia bado huisifu kama ukali wa mapenzi, ni ya hatari na iachwe. Ile bia ya daktari Bob mwaka 1935 ilikuwa njia ya watu waliokosa njia nyingine. Leo njia ipo, na AA haitoi matibabu. Yenyewe hushughulika na miaka inayofuata.

Nimewahi kuketi katika mikutano ya wazi, ile inayomruhusu mtu yeyote mwenye nia njema kusikiliza. Ya kufungwa ni ya wenye tatizo lenyewe tu. Sitasimulia niliyoyasikia humo, kwani si yangu, ila utaratibu unaweza kuelezwa. Viti hupangwa duara au mistari, pana birika la chai, na mkutano huanza kwa wakati. Anayeongoza jioni hiyo husoma maneno mafupi ya ufunguzi, kisha anayetaka husema: naitwa fulani, mimi ni mlevi. Wengine humwitikia kwa jina. Anaeleza alivyokuwa, kilichotokea na alivyo sasa. Hakuna anayemkatiza wala kumshauri wala kumkaripia, na jambo hilo huwashtua wengi, kwa maana mlevi katika jamii yetu hajazoea kuzungumza dakika tano bila kuhubiriwa. Asiyetaka kusema husema tu kwamba leo anasikiliza. Baada ya saa moja hivi wanafunga, na mara nyingi mazungumzo yenye faida kubwa ndiyo yanaanza pale nje, watu wakiwa wamesimama na vikombe.

Mkenya akisikia habari ya kikundi, moja kwa moja huwaza chama. Anajua daftari la mahudhurio, faini ya kuchelewa, mchango wa kila mwezi kwa M-Pesa, na mwenyekiti anayetaka kipindi cha tatu. Asitarajie hayo. Hakuna fomu wala kiingilio. Sharti la uanachama ni moja, hamu ya kuacha pombe, na hakuna anayeipima. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. Mwenye chochote anatia, asiye nacho anapitisha. Ushirika haupokei fedha za serikali, kampuni wala wafadhili wa nje. Wapo wenye majukumu, katibu, mweka hazina, mwenye kupika chai, lakini hubadilishana kwa zamu. Na kwa kuwa tumezoea semina za mashirika, niseme pia hili: hakuna nauli ya kurudishiwa wala posho ya kikao. Nadhani usafi huo wa fedha ni sababu moja ya ushirika huu kudumu miaka tisini huku miradi mingi yenye magari na vibao ikifa pamoja na mfadhili.

Suala la dini huwatia wengi wasiwasi, kwa pande zote mbili. Hatua kumi na mbili ambazo wanachama huzifuata, zilizochapishwa katika kitabu chao mwaka 1939, zinamtaja Mungu waziwazi, ila zinamwachia kila mtu amwelewe kwa namna yake. Mikutano kufanyikia ukumbi wa kanisa ni suala la upangaji tu. Mwislamu wa Mombasa aliyenaswa na pombe ana mzigo wa ziada, kwa sababu kukiri kwake ni kukiri jambo ambalo mtaa wake unaamini halipo. Yeye pia ana haki ya kiti kile, na vikundi vyema humpa bila kumuuliza anasali wapi.

Kuna kikwazo kingine ambacho sijakiona kikiandikwa, nacho ni saa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliweka baa za kawaida zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana mwisho wa juma. Mikutano mingi ya mjini nayo huwekwa jioni, watu wakitoka kazini. Maana yake ni kwamba mtu anatoka ofisini au juani kwenye mjengo wakati ule ule milango ya baa inapofunguliwa, na njia ya kwenda mkutanoni inapita mbele ya marafiki zake wote. Wazoefu humshauri mgeni asiipite njia hiyo peke yake majuma ya mwanzo. Apande matatu ya mtaa mwingine, au akutane na mwenzake kituoni waende pamoja. Palipo na mkutano wa saa saba mchana, huo mara nyingi ndio wepesi kwa anayeanza.

Kwa wanawake ugumu ni mara mbili. Mwanamume mlevi huitwa mlevi. Mwanamke mlevi huitwa majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Basi hunywa chumbani, huficha chupa katika debe la unga, na akifika mkutanoni anakuta wanaume kumi na wawili na yeye mmoja. Wengine hawarudi. Yupo pia yule anayepika chang'aa na kuiuza ili alipe karo, na ambaye mwenyewe ameanza kunywa anachopika. Huyo haachi pombe tu, anaacha na riziki, na kumpa anwani ya mkutano bila kumfikiria watoto wake watakula nini ni kumpa nusu ya jibu. Panapokuwa na mkutano wa wanawake pekee, au angalau mwanamke mmoja mzoefu atakayempokea mlangoni, mambo hubadilika. Kama kikundi unachokipigia kinaye mama wa namna hiyo, omba uzungumze naye kwanza.

Je, haya yote yana faida iliyopimwa? Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na John Kelly wa Chuo Kikuu cha Harvard ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Katika tafiti zilizopangwa kwa ukali zaidi, walioongozwa na wataalamu kuingia AA walifikia asilimia 42 ya kukaa bila pombe kabisa mwaka mmoja baadaye, dhidi ya asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine za mazungumzo. Si muujiza. Wapo ambao AA haiwafai, na hao wana ushauri nasaha, dawa kama naltreksoni, na vikundi vya njia nyingine. Lakini kwa kitu kisicho na ada, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Tena litazame neno hilo, walioongozwa. Kilichopimwa hapo ni kazi ya mshauri aliyemwandaa mgonjwa na kumwelekeza mkutanoni hatua kwa hatua.

Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1981 unalionyesha hili kwa namna ambayo sijaisahau tangu niusome. Walevi 20 waligawanywa mafungu mawili. Wa fungu la kwanza waliambiwa habari za AA na kupewa mahali na saa, wakahimizwa kwenda. Wa fungu la pili, mshauri alimpigia simu mwanachama wa AA wao wakiwa hapo hapo, wakazungumza naye, akaahidi kuwapitia waende pamoja, na akawapigia usiku wa kuamkia mkutano kuwakumbusha. Wa fungu la pili walikwenda wote. Wa fungu la kwanza hakwenda hata mmoja. Utafiti wa watu 20 haujengi sheria ya dunia, lakini yeyote aliyewahi kumpa ndugu yake karatasi yenye anwani, akaikuta mwezi mmoja baadaye bado imekunjwa mfukoni mwa suruali, anajua unasema kweli.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anayesoma haya, mchungaji, imamu, chifu, mwalimu mkuu, ofisa wa wafanyakazi: namba moja ya mwanachama wa kikundi cha karibu, aliyekubali kupigiwa, ina nguvu kuliko mabango kumi ya kukemea ulevi. Iwe kwenye simu yako. Siku mtu akikujia, mpigie akiwa ameketi mbele yako na umkabidhi hiyo simu.

Zipo sehemu nyingi za nchi ambako hakuna mkutano wa kufikika kwa miguu wala kwa matatu moja. Tangu janga la korona la 2020 vikundi vingi duniani vilihamia mtandaoni na baadhi havikuondoka huko, kwa hiyo mtu wa Lodwar au Lamu mwenye simu na bando anaweza kuingia katika mkutano wa Nairobi. Mkenya wa Minneapolis au Dubai ambaye moyo wake husema kwa Kiswahili anaweza vilevile. Kabla ya hapo AA walikuwa na utaratibu wa barua kwa mabaharia na waliokaa pweke mbali na vikundi. Na pasipo na chochote, desturi zao zinasema kwamba walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi hawafungamani na kingine chochote. Kinahitajika chumba kinachofunguliwa saa ile ile kila juma, na mtu mmoja wa kukaa humo hata siku ambazo hakuja mwingine. Kazi ngumu ni hiyo ya mwisho. Vikundi vingi huanza na mtu mmoja aliyekubali kukaa na viti vitupu miezi kadhaa.

Limebaki la nyumbani, kwani anayeanza kutafuta mkutano mara nyingi si mlevi. Ni mkewe, mama yake, au bintiye wa kidato cha tatu aliyechoka kumfungulia mlango usiku wa manane. Akron na New York ilikuwa hivyo hivyo: wake waliwasindikiza waume, wakakaa jikoni kusubiri mkutano uishe, na katika kusubiri wakagundua kwamba nao wana ya kusema. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na mwenzake walivikusanya vikundi hivyo vya familia chini ya jina la Al-Anon, vyenye mikutano yao, tofauti na ya walevi. Ni vichache kuliko vya AA, hivyo huenda ukalazimika kusafiri au kuingia kwa simu. Humo mtu hafundishwi mbinu za kumwachisha mwingine. Anajifunza kutomdanganyia kwa mwajiri, kutomlipia deni la baa, kulala usingizi, kuwarudisha watoto mezani. Mama anayesoma haya na ambaye mumewe ameapa hatakanyaga mkutano wowote anaweza kuuliza swali lile lile kwa niaba yake mwenyewe, mkutano wa familia uko wapi na ni saa ngapi, akajifunga leso akaenda Jumanne hii, mume akiwa bado baa.